Kutu Chini ya Gamba: Kebo za Mashine za Mazoezi Katika Nyumba za Mtwara

Mjini Mtwara chuma hakisubiri kutumika ndipo kichakae. Geti la nyumba ya Shangani lililopakwa rangi kabla ya mvua za Desemba huanza kuvuja madoa mekundu kwenye bawaba hata kabla ya msimu mwingine wa korosho. Misumari ya paa, rimu za baiskeli, nondo zilizoachwa kiwanjani na mwenye nyumba aliyeishiwa fedha, vyote huliwa na hewa ya bahari. Watu wa huku wanajua, na wanapaka rangi. Lakini kwenye vyumba vya nyuma na kwenye mabaraza yanayotazama bahari kimeingia chuma kingine ambacho hakipakwi rangi na wala hakitazamwi: waya wa mashine ya mazoezi, unaoning'iniza kilo 60 au 80 huku mtu amekaa chini yake akivuta.

Kunyanyua vyuma nyumbani si jambo geni Kusini. Vijana wa Chikongola na Magomeni wamejenga vifua kwa zege lililomiminwa kwenye makopo ya rangi na kuchomekwa bomba katikati, kwa gia kuukuu na ekseli za magari. Vifaa hivyo vina hatari zake, ila ni hatari za wazi. Zege likipasuka unaliona, bomba likipinda unaliona, na kopo likikudondokea mguuni humlaumu mtu. Mashine ya kebo ni kitu kingine. Uzito umekaa nyuma ndani ya fremu, wewe umeshika mpini, na kati ya mkono wako na vyuma vile kuna mita kadhaa za waya uliopita juu ya puli tatu, nne, na kwenye mashine kubwa zaidi ya 10. Kila puli ni mahali ambapo waya unaweza kufa kimyakimya.

Nyingi hufika zikitokea Dar es Salaam, mpya kutoka China au za mtumba kutoka Ulaya na Ghuba, zimefunguliwa vipandevipande na kufungwa kwenye maboksi. Ya mtumba haina kitabu cha maelekezo. Mpya inacho, lakini huishia kwenye takataka pamoja na boksi. Fundi anayeiunganisha ni yuleyule anayeunganisha vitanda na makabati. Akimaliza anavuta mpini mara mbili, vyuma vinapanda na kushuka, anasema, "Tayari, bosi," analipwa, anaondoka. Aliyenunua kwa fedha za korosho mwezi Novemba huvuta kwa bidii hadi mwaka mpya. Halafu mvua zinakolea, shughuli zinaingiliana, na mashine inageuka kuwa kamba ya kuanikia. Taulo mbichi na nguo zilizotoka kuogelea baharini hutundikwa juu ya mpini na juu ya puli kuanzia Januari hadi Aprili. Kusi linapoanza kuvuma mtu anakumbuka kitambi chake, anaondoa taulo, anachomeka pini kwenye uzito uleule wa Desemba na kuvuta. Siku hiyo ndiyo ya kuogopa zaidi. Mashine iliyolala miezi minne karibu na bahari, tena chini ya nguo mbichi, ni mbaya kuliko iliyotumika kila siku.

Ili mtu aelewe anachokitafuta kwenye kebo, ni vizuri ajue ilivyoundwa. Kebo nzuri ya mashine hizi ni nyuzi 133 za chuma. Misokoto 7, mmoja katikati na 6 kuuzunguka, na kila msokoto una nyuzi 19. Ndiyo maana kwenye lebo huandikwa 7x19. Zipo pia za 7x7, zenye nyuzi 49, ngumu zaidi kupinda na zisizopenda puli ndogo. Juu yake huvalishwa gamba la nailoni au la plastiki laini.

Kamba za chuma zilianza kutumika Ujerumani mwaka 1834. Wilhelm Albert, ofisa wa migodi huko Clausthal katika milima ya Harz, alikuwa amechoshwa na minyororo ya kuinulia madini iliyokatika ghafla, akasokota kamba ya nyuzi 12 za chuma, misokoto mitatu ya nyuzi nne nne, akaitumia mgodini. Kamba ya nyuzi nyingi ina faida ambayo mnyororo hauna. Pete moja ya mnyororo ikikatika, mzigo umeanguka. Uzi mmoja wa kamba ukikatika, wenzake huubeba mzigo wake, na mtu mwenye macho hupata nafasi ya kuuona kabla ya wengine kufuata. Huyo huyo Albert ni miongoni mwa watu wa kwanza kupima jinsi chuma kinavyochoka kwa kubebeshwa tena na tena mzigo ambao kingeubeba mara moja bila taabu. Aliyoyaona aliyachapisha mwaka 1837, na hadi leo ndiyo yanayozikata kebo zetu.

Kwa nguvu tupu, kebo hizi zimezidi mahitaji. Waya wa 7x19 wenye unene wa milimita 3.2, uliopakwa zinki, hukatika kwa mvuto wa kilo 900 hivi. Wa milimita 4.8 hufika kilo 1,900. Mtu wa Ligula anayevuta kilo 70 hawezi kuukata waya mpya hata ajitahidi vipi. Kinachoukata ni kupinda na kunyooka. Seti moja ya kuvuta mara 12 hupitisha kipande kilekile cha waya juu ya puli ileile mara 24, kupanda na kushuka, na kila upitapo unapinda na kunyooka. Puli ikiwa ndogo, mpindo ni mkali na uchovu unakuja mapema. Anayeachia vyuma vianguke kwa kishindo mwisho wa kila seti, kwa kuwa mlio ule humfanya ajione mwanamume, anauongezea waya mshtuko ambao haukuwa kwenye hesabu ya mzigo.

Waya ukikatika, kinachomwumiza mtu mara nyingi ni nguvu zake mwenyewe. Yule aliyekaa na kuvuta fito kutoka juu kuileta kifuani hupigwa nayo usoni, kwenye meno au kwenye paji la uso, kwa sababu mikono ilikuwa ikivuta kwa nguvu zote na upinzani umeondoka ghafla. Anayevuta kuelekea tumboni akiwa ameegemea nyuma huangukia kisogo, na sakafu za huku ni za saruji au vigae. Vyuma navyo hurudi chini kwa mara moja. Kama kuna mtoto aliyeingiza vidole kati ya sahani za uzito akichunguza pini, sina haja ya kueleza.

Sasa chumvi. Chumvi ya kawaida ya bahari ina tabia ya kufyonza maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, chembe ya chumvi iliyotua juu ya chuma huyeyuka na kuwa tone la maji ya chumvi, hata kama hakuna mvua wala umande unaouona kwa macho. Asubuhi nyingi za Mtwara huvuka kiwango hicho. Kwa hiyo chuma kilichopigwa na upepo wa bahari hubaki kimelowa kwa saa nyingi ndani ya chumba ambacho mwenyewe anakiona kikavu. Zinki iliyopakwa juu ya nyuzi ndiyo inayoliwa kwanza, nayo huacha unga mweupe kama chokaa. Wengi huufuta wakidhani ni vumbi la ukuta. Unga huo ndio onyo la mapema kuliko yote. Wekundu ukija, zinki imekwisha na chuma chenyewe kimeanza kuliwa.

Na hapa gamba la plastiki linakuwa na sura mbili. Likiwa zima linakinga vizuri sana, upepo na chumvi haviufikii waya. Likipasuka, hata ufa mdogo kama ukucha, linageuka mtego. Maji ya chumvi huingia kwa ufa, hutambaa kati ya nyuzi na kukaa humo bila njia ya kukauka, na kutu huendelea umbali fulani kutoka kwenye ufa, mahali ambapo gamba bado linang'aa. Mtu akitazama anaona kebo nyeusi safi yenye mchubuko mdogo. Ndani, nyuzi 133 huenda zimebaki 60. Ndiyo sababu ushauri wa kuzungushia utepe wa fundi umeme mahali palipopasuka naupinga kabisa. Utepe hauzuii chumvi iliyokwisha kuingia. Unaficha tu mahali ambapo ungetakiwa kupatazama kila wiki.

Pa pili pa kutazama ni kwenye ncha. Waya hukatika katikati mara chache kuliko watu wanavyodhani. Mara nyingi huachia pale unapoingia kwenye kibano chake, kwa sababu hapo waya mwepesi unakutana na chuma kigumu, mpindo wote unakusanyika sehemu moja, na unyevu unakaa. Tarehe 3 Septemba 2025 gari la reli ya mteremko la Glória, jijini Lisbon, liliporomoka na kuua watu 16. Wachunguzi wa Ureno walikuta kebo imeachia pale ilipofungwa ndani ya gari. Ukaguzi wa macho ulikuwa umefanyika asubuhi ileile na haukuona kasoro, kwa kuwa sehemu iliyoharibika haionekani bila kufungua vyuma. Miaka mitano kabla yake, katika kisiwa cha Puerto Rico, kebo moja ya darubini kubwa ya Arecibo ilichomoka kwenye soketi yake mwezi Agosti 2020. Ya pili ikakatika Novemba, na tarehe 1 Desemba jukwaa la tani 900 likaanguka juu ya sinia la darubini. Hizo ni kazi za wahandisi, zenye bajeti na ratiba za ukaguzi. Mashine ya chumba cha nyuma ina wewe tu.

Pwani hii si ngeni kwa kamba zinazopita juu ya makapi. Kwenye mashua zinazotoka Mikindani, Msangamkuu na Msimbati, foromali ya tanga hupandishwa kwa kamba ya jarari inayopita kwenye kapi la gofia, na nahodha asiyejua hali ya jarari yake hafiki mbali. Baharia mzoefu haangalii kamba yote kwa usawa. Huangalia kipande kinachokaa juu ya kapi tanga likiwa limepanda, maana hapo ndipo kamba inapokaa muda mrefu zaidi chini ya mzigo. Akiona imeanza kuchoka hapo, huigeuza, ncha ya huku ikaenda kule, ili kipande kingine kipokee kazi. Kebo ya mashine haigeuziki namna hiyo, kwa kuwa ncha zake hazifanani, lakini jicho lile ndilo linalotakiwa. Tafuta kipande kinachokaa juu ya puli ya juu mashine ikiwa imelala, na kipande kinachofika hapo mpini ukiwa umevutwa hadi mwisho. Ukiwa na dakika tano tu, zitumie hapo na kwenye ncha mbili.

Ukaguzi wenyewe hautaki vifaa. Unataka mwanga wa mchana, kipande cha khanga kuukuu na mtu wa pili. Pini iwekwe kwenye sahani ya juu kabisa, uzito mdogo kuliko wote. Mmoja avute mpini polepole, mwingine atazame waya unapotoka kwenye kila puli, asiweke kidole karibu na puli wala kati ya sahani. Kisha mpini urudishwe, waya utulie, na kitambaa kizungushwe kwenye kebo na kupitishwa kutoka ncha hadi ncha. Usitumie kiganja kitupu. Uzi mmoja uliokatika huchomoza kama mwiba wa samaki na huingia chini ya ngozi kwa urahisi. Kitambaa kikinasa mahali, hapo kuna uzi uliokatika, na kebo hiyo imemaliza kazi yake. Haisubiri mwisho wa mwezi.

Usipokuta miiba bado kuna mambo ya kutazama. Uvimbe kwenye gamba maana yake nyuzi za ndani zimekatika na kujikunja, au kutu imefura. Mahali palipokonda maana yake waya umevutika au nyuzi zimepungua. Kona isiyonyooka hata ukiilazimisha ni waya uliovunjika uti. Gamba lililobadilika rangi karibu na ncha, likawa na hudhurungi kwa ndani, ni kutu inayoonekana kupitia plastiki. Sikio nalo lisaidie: kebo nzima hupita kimya, inayokufa hutoa mlio mkavu inapopinda. Lolote kati ya hayo latosha. Sijapata kuona sababu ya kubishana na kebo.

Kwa ncha kuna mbinu moja rahisi ambayo mafundi wa kamba za chuma huitumia kwa rangi, na nyumbani rangi ya kucha inatosha. Chora mstari mmoja unaopita juu ya kibano na kuendelea juu ya waya. Wiki ijayo mstari ukiwa umeachana, nusu huku na nusu kule, waya unachomoka kwenye kibano. Tazama pia bolti inayounganisha kebo na sahani ya juu. Hiyo hulegea yenyewe kwa mtikisiko, na nati yake ya kukazia isiposhikwa kwa spana kila baada ya muda huzunguka hadi ibaki imeshika kwa nyuzi moja au mbili za bolti. Mashine ikilala, sahani ya juu ikae kabisa juu ya wenzake na kebo isilegee. Kebo iliyolegea huruka nje ya puli na kusagwa pembeni, na iliyokazwa kupita kiasi huinua sahani ya juu kiasi kwamba pini haiingii sawasawa, mtu akailazimisha nusunusu.

Puli zenyewe nyingi ni za nailoni. Mashine iliyo barazani hupigwa na jua la mchana, na jua huzikausha hadi zikapasuka kando ya mfereji. Puli inayoyumba, inayolia au iliyokatika ukingo hubadilishwa, kwa kuwa ukingo uliovunjika huchana gamba la kebo mpya ndani ya wiki. Kuhusu kulabu za kuunganishia mpini, zile za rangi rangi zinazouzwa sokoni pamoja na vishikio vya funguo ni za funguo. Karabina ya kubebea uzito huandikwa ubavuni kiwango chake. Isiyo na maandishi iendelee kubeba funguo.

Usafi ni kazi ya dakika chache. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya bomba na kukamuliwa vizuri kipite kwenye kebo, fremu na fito za kuongozea vyuma, kisha kitambaa kikavu kifuate. Wavuvi wa Msimbati huosha injini za boti kwa maji baridi kwa sababu hiyohiyo: kuiondoa chumvi kabla haijapata muda. Baada ya hapo fito zipakwe kilainishi cha silikoni. Kebo yenye gamba isipakwe kitu. Oili chafu ya gari, dawa ya watu wengi kwa mbao na minyororo, huidhuru plastiki. Grisi hukusanya mchanga na kuugeuza msasa. Kebo isiyo na gamba ndiyo inayotaka oili nyepesi inayopenya hadi kwenye msokoto wa kati. Na mashine ihamishwe kutoka barazani iingie ndani, mbali na dirisha linaloelekea upepo wa bahari. Hilo peke yake lina faida kuliko dawa yoyote ya kopo. Taulo zitafutiwe kamba yao.

Kebo ikishakatika ndipo ubunifu wetu unapotuponza. Fundi pikipiki yuko jirani, ana waya wa klachi na wa breki, na atakwambia, "Kaka, huu haukatiki, naufunga kwa bodaboda kila siku." Anasema kweli kuhusu bodaboda. Waya wa klachi umeundwa kuteleza ndani ya ganda lake kwa sentimita chache tu, karibu katika mstari mnyoofu. Mara nyingi una nyuzi chache na nene, na hizo hazistahimili kuzungushwa juu ya puli mamia ya mara kwa siku moja. Utavuta wiki mbili, tatu, na utamsifu fundi. Kamba ya nailoni ya wavuvi ina ubaya wa aina yake: hujinyoosha, na hujisugua kwenye mfereji wa puli uliokwisha kukwaruzwa na chuma.

Kosa jingine la pwani ni kudhani waya usioshika kutu unamaliza matatizo yote. Waya wa chuma cha pua wa 7x19, milimita 3.2, hukatika kwa kilo 800 hivi, pungufu kidogo kuliko ule wa zinki, na huchoka kwa kupinda kama wenzake. Bado ni chaguo zuri karibu na bahari, ila usifungwe kwa kibano cha alumini. Metali hizo mbili zikikutana kwenye unyevu wa chumvi, alumini huliwa haraka, na kibano hubaki unga huku waya uking'aa. Kwa waya huo kibano kiwe cha shaba au cha chuma cha pua, kibanwe kwa mashine ya kubania, si kwa nyundo na patasi. Na klempu za bolti mbili, zile zinazotumika kufungia nguzo za simu, si za kebo yenye gamba. Hubana plastiki tu, na plastiki huteleza.

Sheria haitakusaidia sana hapa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali, OSHA, inahusu mahali pa kazi. Jimu ya biashara yenye waajiriwa inaguswa nayo, chumba chako cha nyuma hakiguswi. Bandarini Mtwara, bandari iliyofunguliwa mwaka 1954 kwa ajili ya mradi wa karanga uliokwisha kufa na ambayo leo inapakia korosho, kamba za chuma za kreni zina ratiba ya ukaguzi na mtu anayewajibika kutia saini. Nyumbani hakuna anayetia saini, na sidhani kama yupo wa kumtuma afisa akague baraza la mtu. Lakini anayeuza mashine angeweza kuombwa jambo dogo: amkabidhi mteja kitabu chenye maelekezo kwa Kiswahili, na amuuzie kebo ya akiba siku hiyohiyo. Wateja waanze kulidai, maana muuzaji hatalianzisha mwenyewe.

Kwa mashine iliyo mahali ambapo bahari inasikika usiku, kuanzia Shangani hadi Mikindani na kushuka hadi vijiji vya Mnazi Bay na mdomo wa Ruvuma, msimamo wangu ni kebo mpya kila mwaka, hata kama ya zamani inaonekana nzima, na zote kwa pamoja. Tarehe iandikwe kwenye fremu kwa kalamu isiyofutika. Mashine ya mtumba ibadilishwe kebo kabla ya mvuto wa kwanza, kwa kuwa hakuna anayejua ilivutwa na nani na kwa miaka mingapi. Ni gharama, lakini aliyemudu mashine anaimudu.

Na spea za vitu hivi hutoka mbali. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, na magari ya Kusini yakakwama pande zote mbili. Kwa hiyo aliyekusudia kuvuta mwaka kesho afanye hesabu zake mapema. Apime urefu wa kebo kutoka ncha hadi ncha, apime unene juu ya gamba na unene wa waya wenyewe, apige picha ya kila ncha, aeleze idadi ya puli na kipenyo chake, na aagize kabla ya Desemba. Kebo ikifika kabla ya wakati, ikae ndani ya mfuko wake uliofungwa, kabatini. Ya zamani ikitolewa ikatwe vipande hapohapo, asije mtu akaiokota jalalani na kwenda kuifunga kwenye mashine nyingine.